Mwenda Mirihi na Zuhura Marejeo ni Jikoni

Mdogo wangu, barua zako nimezipata. Nasema zako ingawa mmeniandikia wengi, maana kilio chenu ni kimoja. Mmoja anaficha kitabu chini ya godoro kama vile ni chupa ya gongo. Mwingine anakifunika kwa gazeti akipanda daladala, abiria wa pembeni asije akaona picha ya roketi kwenye jalada. Wa tatu ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, naye ananisihi nisitaje hata mkoa wake. Na kosa lenu ni lipi? Mnapenda riwaya za kisayansi: hadithi za vyombo vya anga, za roboti, za viumbe wa sayari nyingine na mashine za kusafiria wakati. Jamani! Nilipoanza kuzisoma barua zenu nilidhani mmeua mtu.

Haya, vuta mkeka ukae. Sitakugombeza sana, ila nitakugombeza. Kuna la kuonea aibu na kuna lisilo na aibu, na wewe umeyachanganya kama mchele na chuya.

Ngoja kwanza nikupe langu, usije ukadhani dada yako alizaliwa na busara mfukoni. Nilikuwa kidato cha pili. Mama aliitwa msibani, akanikabidhi sufuria ya maharage. "Yakikauka ongeza maji," ndilo neno aliloniachia mlangoni. Sasa mimi nilikuwa na kitabu changu cha mtumba, nilichokinunua kwa mzee aliyekuwa akitandaza turubai chini ya mwembe karibu na stendi. Mbele hakikuwa na jalada, nyuma kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu siku hizo kilikuwa cha kuokoteza, neno moja nalijua, mawili nabahatisha. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikafungua. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mbele yangu na kanga yake ya msibani, jiko lote limejaa moshi, maharage yamekuwa makaa. Hakunichapa. Alinitazama, akauliza, "Huko ulikokwenda, wamepika nini?"

Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi, nyumba nzima, na hakuna aliyenisemesha.

Mdogo wangu, jibu nilikuwa nalo, ila nani angethubutu kulitoa? Kitabu kile ni The Time Machine cha Mwingereza H. G. Wells, kilichotoka mwaka 1895. Bwana mmoja anatengeneza mashine inayokwenda mbele katika wakati, anafika mwaka 802,701. Anawakuta watu wazuri, wadogo wadogo, wanaocheza na maua mchana kutwa na hawajui kazi. Anasema, ama kweli hii ndiyo pepo ya duniani. Kumbe chini ya ardhi wanaishi wengine, weupe kama mizizi, wanaoendesha mitambo gizani. Na usiku wanapanda juu kuwala wale wazuri. Hicho ndicho kilichopikwa huko, mama yangu. Walipikana wao kwa wao.

Na Wells hakuyaokota hewani. Mama yake alikuwa mtumishi, akawa msimamizi wa watumishi katika jumba la tajiri, na watumishi wa jumba lile makazi yao yalikuwa chini, wenye nyumba juu. Yeye mwenyewe alipelekwa akiwa kijana kujifunza kazi katika duka la nguo, akaichukia kazi ile mpaka akatoroka. Kwa hiyo alipoandika habari za watu wa juu na watu wa chini alikuwa anaandika habari za nyumbani, ila ameisogeza nyumba mbele miaka laki nane ili wenye nyumba wasikasirike kabla ya kumaliza ukurasa.

Basi tangu siku ile, kila nikifunga riwaya najiuliza swali la mama. Nimekwenda mbali, sawa. Wamepika nini huko? Nimerudi na nini cha kuwalisha niliowaacha na njaa? Kitabu kisicho na jibu nakirudisha kabatini bila kinyongo, na chenye jibu nakipa nafasi karibu na kitanda. Hicho ndicho kipimo changu, nawe nakuazima. Usikipoteze.

Sasa tuje kwenye aibu yako. Unasema wenzako chuoni wanakucheka, eti hizo ni hadithi za watoto, tena za Wazungu, anga inatuhusu nini sisi tusio na barabara. Mdogo wangu, asiyejua maana haambiwi maana, lakini mwambie hili moja. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi iliruka na satelaiti ya Wamarekani, ikisimamiwa na Waitaliano. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kupima miali ya eksirei itokayo nyotani. Na kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno letu hili hili, la mabango na nyimbo za shule, limezunguka huko juu na kuwasaidia wanaastronomia kuchunguza mashimo meusi. Anga ilikwishabisha hodi mlangoni, wewe ndiye uliyekuwa umelala.

Yupo binti mwingine, huyu amenihuzunisha. Kasikia kwa marafiki kwamba msomaji wa kweli huanza na Dune cha Frank Herbert. Akajinyima vocha mwezi mzima, akakinunua, akafika ukurasa wa arobaini akakwama. Ananiandikia, "Dada, nadhani mimi ni mjinga." Wewe! Nani kakuambia? Kitabu kile kilipotoka mwaka 1965, wachapishaji ishirini na zaidi walikuwa wamekikataa, na aliyekikubali mwishowe alikuwa akijulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kama wachapishaji wenye meza zao walishindwa kukimeza, wewe unalia nini?

Kwanza kiweke kando, utakirudia. Pili, sikiliza siri. Msomaji wa London akikutana ndani yake na maneno Lisan al-Gaib, anakimbilia maelezo ya nyuma ya kitabu. Wewe una lisani na una ghaibu tangu utotoni. Anakutana na Kitab al-Ibar anababaika, wewe kitabu unacho mkononi. Mahdi huhitaji kufafanuliwa, umemsikia darasani au kwa jirani. Herbert aliokota Kiarabu kwa mikono miwili kuwavisha watu wake wa jangwani, na Kiarabu hicho kimeshalala ndani ya Kiswahili chako karne na karne. Unaingia katika kitabu kile kwa mlango wa uani, kama jamaa wa nyumba. Ila usianze nacho. Anza na vyembamba, mtoto hatembei kabla ya kutambaa. Tena usisome kwa kushindana na marafiki. Kusoma kwa kuonekana ni kama kula kwa kuonekana, unavimbiwa na hujashiba.

Ukiniuliza mimi uanze na kipi baada ya cha Wells, nitakuambia Frankenstein. Najua, umeona sinema, umeona lile jitu lenye kichwa cha mraba. Lisahau. Halafu ujue kwamba Frankenstein si jina la lile jitu, ni jina la aliyeliumba. Lile halikupewa jina kabisa, na humo ndimo uchungu wote ulimo.

Aliyeandika ni msichana. Mary Shelley alikuwa na miaka kumi na minane alipoanza, mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva. Mwaka wa nyuma yake mlima Tambora, huko Indonesia, ulikuwa umelipuka na kutapika majivu mengi hata Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua na baridi viliwafungia ndani, yeye na wenzake, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Lakini hofu yake haikutoka kwenye mvua. Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshazika mtoto wake wa kwanza. Kitabu kilipotoka Januari 1818 hakikuwa na jina lake, na wengi wakadhani kimeandikwa na mwanamume.

Sasa nisikilize vizuri, hasa nyinyi wavulana. Victor Frankenstein, kijana msomi, anakaa miezi chumbani anaunganisha viungo vya maiti, anakipa uhai kiumbe. Kinapofungua jicho, anaona kina sura mbaya, anakimbia. Basi, hilo ndilo kosa lake, wala usitafute lingine la mbali. Si sayansi, si kusoma sana, si kuchungulia yaliyofichwa. Alizaa akakimbia. Na wewe unamjua mtu wa namna hiyo, wala hana maabara. Yupo mtaani kwenu, anabadilisha laini ya simu kila mimba ikitangazwa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Mary Shelley alilisema hilo kwa kurasa mia kadhaa.

Kuna mahali ndani yake huwa nasoma na kanga mkononi. Kiumbe kile, baada ya kufukuzwa kila mahali, kinajificha kwenye kibanda kilichoungana na nyumba ya maskini fulani, kinachungulia kwenye ufa wa ukuta. Kinajifunza kusema kwa kuwasikiliza. Usiku kinawakatia kuni na kuwawekea mlangoni, asubuhi wanashangaa ni malaika gani huyu. Siku moja kinajipa moyo, kinaingia wakati yupo babu peke yake. Babu ni kipofu. Anakikaribisha, anazungumza nacho kama mgeni wa heshima, kwa mara ya kwanza tangu kiumbwe. Kisha watoto wanarudi, wana macho. Wanakipiga fimbo. Mdogo wangu, baada ya hapo kinaua, na sitetei mauaji, lakini ukifunga kitabu hujui umkasirikie nani. Siku hizi watu wanatengeneza akili mnemba na kuiachia mitaani, kisha wanashangaa imefanya nini. Msichana wa miaka kumi na minane alishawauliza: aliyeileta yuko wapi, mbona hayupo nyumbani?

Lakini kupenda kitabu si kukiabudu. Hapa sasa nakugombeza. Yule kijana wa Unguja aliyeniandikia kwa furaha kwamba amegundua riwaya ya Jules Verne inayoanzia kwao, nimefurahi nawe, ila umekisoma huku umefumba jicho moja. Five Weeks in a Balloon, ndiyo, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1863 na kumpa Verne jina. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kwa baluni kutoka Zanzibar mwezi Aprili 1862, wanalikata bara mpaka Senegali. Safari tamu, hesabu za gesi na uzito wa baluni zimekaa vizuri, mtoto akisoma anataka kuwa mhandisi kesho.

Je, ulisoma pale Kazeh, pande za Tabora ya leo? Baluni inashuka, na wenyeji wanadhani ni mwezi umewatembelea, hao wageni ni watoto wa mwezi. Daktari anapelekwa kumtibu mfalme mlevi. Halafu mwezi wenyewe unachomoza, watu wanaona iko miwili, wanahamaki, wageni wanakimbilia kamba. Umecheka, na mimi nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikajiuliza: hawa si ndio Wanyamwezi, watu ambao hata jina lao lina mwezi ndani? Hawa si ndio wapagazi na wafanyabiashara waliokuwa wakitembea na misafara miezi mizima hadi pwani na kurudi, wakilala chini ya mwezi huo huo? Leo wasiutofautishe na mfuko wa hariri? Verne aliandika yote yale hajawahi kukanyaga Afrika, ametegemea taarifa za wapelelezi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpe sifa ya mashine zake, mnyime ya watu wetu. Mtu unaweza kumpenda na bado ukamwambia, hapa umesema uongo. Si ndivyo tunavyoishi na wajomba zetu?

Ukitaka kuona mwenzake aliyejaribu kugeuza kioo, mrudie Wells. The War of the Worlds, mwaka 1898. Watu wa Mirihi wanashuka Uingereza na silaha za moto, wanawafyeka Waingereza kama nyasi. Na mwanzoni kabisa Wells anawakumbusha wasomaji wake yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji kutoka Ulaya. Yaani, mnalia nini, si ndivyo mlivyowafanyia wenzenu? Majitu yale hayashindwi na mizinga, yanauawa na vijidudu vya maradhi, vile ambavyo miili yetu imeshavizoea. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kitabu kifupi hicho, jioni mbili tu, lakini ukimaliza utamwangalia mkubwa yeyote anayejitapa na kusema moyoni, subiri.

Nimefika kwa mpenzi wangu sasa. Nilimweka akiba.

Octavia Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, mpiga kiwi, alikufa yeye akiwa mdogo. Mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu, na mtoto alimwona mama akipitia mlango wa nyuma na kusemwa vibaya mbele yake, naye mama akanyamaza. Octavia alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, na kusoma kulimtesa kwa sababu herufi zilimchanganya. Akiwa na miaka kama kumi na miwili akaona sinema mbovu ya mwanamke kutoka Mirihi kwenye televisheni, akasema, hata mimi naweza kuandika kizuri kuliko hiki. Akaandika. Alipokua alifanya kazi za kuosha vyombo, za kupiga simu kuuza vitu, hata ya kukagua krispi za viazi kiwandani, na akawa anaamka saa nane za usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Mwaka 1995 alipewa ile ruzuku kubwa ya MacArthur, mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kuipata. Ukiona vyaelea, mdogo wangu, vimeundwa. Wewe unaniambia huna muda wa kuandika, na saa tano za usiku bado uko kwenye vikundi vya simu.

Kitabu chake nikupe kimoja, Kindred, cha mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa ghafla na nguvu asiyoijua hadi Maryland ya enzi za utumwa, kumwokoa mtoto wa Kizungu. Anavutwa tena na tena. Kumbe mtoto yule ni babu wa mababu zake, na akifa mapema Dana hatazaliwa. Kila akirudi anarudi na jeraha, na mara ya mwisho mkono wake mmoja unabaki huko. Butler alisema kitabu hiki kilitokana na aibu yake ya utotoni na kuwasikia vijana wa wakati wake wakiwadharau wazee walionyamaza. Alitaka waione bei ya kunyamaza, na kwamba bila wale walionyamaza wakala makombo, hao vijana wasingekuwepo wa kuongea.

Naona umenyamaza. Ndiyo, nakusema wewe, uliyeniandikia kwamba tangu uanze kusoma vitabu hivi huwezi tena kuzungumza na mama yako, eti hamuelewani, yeye ni wa mbogamboga tu. Usomaji uliokutenga na mama yako umekuibia, haukukupa. Nenda ukamsimulie hadithi ya Dana wakati mnachambua mchicha. Utashangaa nani anamwelewa Dana haraka zaidi.

Wale mnaoandika, nanyi nina ugomvi. Mmenitumia hadithi kumi na moja, na katika tisa shujaa anaitwa Jack, yuko New York, na theluji inadondoka. Wewe theluji umeiona wapi, ndani ya friji? Mtazame Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani wa wazazi kutoka Nigeria. Alikuwa mchezaji wa tenisi, akafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo chuoni, akaamka miguu haina nguvu, akaanza kuandika kitandani hospitalini. Mwaka 2015 akatoa kitabu chembamba kinachoitwa Binti. Naam, binti, neno letu. Msichana Mhimba, wa watu wale wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, anapata nafasi katika chuo kikuu cha sayari nyingine. Anatoroka nyumbani usiku, amebeba udongo wake. Na huko angani, kati ya viumbe vilivyokwishaua wenzake wote, kinachokuja kumsaidia ni udongo ule wa nyumbani. Kitabu hicho kilishinda tuzo za Hugo na Nebula, zote mbili. Angejipaka poda ya Jack angekufa ukurasa wa thelathini.

Na Wanuri Kahiu, Mkenya, filamu yake fupi ya mwaka 2009 aliipa jina Pumzi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wamefungwa ndani ya mji, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha anapata udongo kidogo unaoweza kuotesha mbegu, anatoka nje kwenda kupanda. Hakuna theluji hata tone. Ndoo, foleni ya maji na mti, vitu unavyovijua kuliko mwandishi yeyote wa New York.

Tena usiseme hayapo kwa Kiswahili. Mwaka 1995 Katama Mkangi, Mkenya wa Pwani aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa msimamo wake, alitoa riwaya ya Walenisi. Dzombo wa nchi ya Katuika anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo kirushwe angani akafie huko. Yeye anakishika usukani, anakiongoza, anatua kwenye ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa haki na utu. Ulimwengu huo unaitwa Walenisi. Litamke polepole, ukikata vipande: wale, ni, sisi. Huo ndio muhtasari wa vitabu vyote nilivyokutajia leo. Wale wala-watu wa chini ya ardhi, kiumbe kisicho na jina, majitu ya Mirihi, yule mtoto wa Kizungu na Dana wake, wote ukiwachungulia sana unaona uso unaoujua. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kitafute Walenisi kabla hujaenda kukopa vya mbali.

La mwisho ni la yule baba wa watoto wawili. Mkeo naye ameniandikia, bila wewe kujua. Anasema ukirudi kazini unakula umeinamia kitabu, mtoto anakuonyesha daftari unasema "mm", usiku taa inawaka hadi saa tisa. Anasema, "Dada, mume wangu yuko Mirihi, na mimi sina nauli ya kumfuata." Kaka, hakuna anayekukataza kusoma. Lakini tuliambiwa zamani kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Leo usiku funga kitabu saa tatu, muite mkubwa wako, msimulie habari za babu kipofu na kiumbe mlangoni. Mwachie pale watoto wanaporudi. Kesho atakusubiri getini.

Nilikuambia kitabu changu cha mtumba hakikuwa na kurasa za mwisho. Kwangu kiliishia pale yule msafiri amerudi, amechafuka, miguu inamuuma, ameomba kipande cha nyama, amekula mbele ya wageni wake na kuwasimulia yote. Kwa miaka mingi nilijua hivyo: alikwenda mbali, akarudi, akala na watu wake. Nilimpenda kwa hilo. Nilipofika mjini kwa kazi nikakiona maktaba, kizima, nikaenda moja kwa moja nyuma kusoma kurasa nilizokosa. Kumbe kesho yake alipanda tena mashine yake, akamwambia rafiki amsubiri kidogo tu. Rafiki alisubiri. Miaka mitatu ikapita, msafiri hajarudi.

Nilikaa na kitabu kile mapajani mpaka mhudumu akaja kuniambia wanafunga. Nikatoka nje, nikampigia mama, nikamuuliza leo amepika nini.